Kwa nini mtoto wa München huchujwa akiwa na miaka 10, na wa Tampere hachujwi?

Swali: Mimi ni Mtanzania ninayeishi karibu na München. Mwezi Mei mwanangu wa kwanza, aliye darasa la nne, atapewa cheti kitakachoamua aende shule ya aina gani. Mdogo wangu ameolewa Tampere, Ufini, na wanawe watasoma shule ya aina moja na wenzao wote hadi wafike miaka 15 au 16. Nchi zote mbili ni za Ulaya, zote ni tajiri, na zote zimepitia viwanda, kompyuta na wahamiaji. Nimesoma mara nyingi kwamba elimu hufuata mabadiliko ya uchumi na jamii. Ikiwa ni hivyo, mbona hazifanani? Na je, mfumo wa hapa kwetu utabadilika?

Jibu: Dada, cheti unachokisubiri kinaitwa Übertrittszeugnis, na wazazi wengi wa jimbo lako la Bavaria hukosa usingizi kwa ajili ya tarakimu moja iliyomo ndani yake, ambayo ni wastani wa alama za masomo matatu: Kijerumani, Hisabati, na lile somo linalochanganya mazingira, sayansi na maarifa ya jamii. Kwa kuwa alama 1 ndiyo ya juu na 6 ndiyo ya chini kabisa, mtoto mwenye wastani usiozidi 2.33 anaruhusiwa kuingia Gymnasium, shule inayoelekea chuo kikuu, mwenye usiozidi 2.66 anaruhusiwa Realschule, shule ya ngazi ya kati, na wengine huelekezwa Mittelschule, inayoelekea zaidi kazi za ufundi, isipokuwa wazazi waombe mtoto afanyiwe siku tatu za masomo ya majaribio. Naanza na tarakimu hizi kwa sababu swali lako, ingawa ni pana, limetoka humo, na nitalirudisha humo.

Kauli kwamba elimu hufuata uchumi si ya uongo, ila haijamaliza habari. Uchumi unapogeuka, shule husukumwa. Lakini isogee upande gani ni jambo linaloamuliwa na mengine, na kwa maoni yangu makubwa ni mawili. La kwanza ni nani aliyekuwa na sauti siku ule msukumo ulipofika. La pili ni kama wale waliokosa nafasi katika shule nzuri walikuwa na mahali pengine pa kwenda kutafuta riziki ya heshima. Ukiziweka Ufini na Bavaria kwenye mizani hiyo, tofauti yao haishangazi tena.

Jambo ambalo pengine mdogo wako hajaambiwa na wakwe zake ni kwamba Ufini nayo ilikuwa ikichuja watoto, na kwa umri uleule. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, mtoto wa Kifini aliyefika miaka 10 au 11 alisimama kwenye njia panda: wachache waliingia oppikoulu, shule ya ada iliyoelekea chuo kikuu, na waliobaki walimalizia kansakoulu, shule ya wananchi, kisha wakashika kazi. Nchi ilikuwa ya wakulima. Mnamo 1950 karibu nusu ya watu wake walikuwa bado wanaishi kwa kilimo na misitu, na baada ya vita na Wasovieti zaidi ya watu 400,000 waliohamishwa kutoka Karelia, eneo la mashariki lililochukuliwa na Wasovieti, walikuwa wamepewa makazi mapya, wengi wao wakigawiwa vipande vidogo vya ardhi chini ya sheria ya 1945, sawa na askari waliorudi kutoka vitani. Vipande hivyo viliweza kulisha kizazi kimoja. Trekta na msumeno wa mashine vilipoingia msituni, kazi ya watu wengi ikawa ya mtu mmoja, na vijana wakafunga mizigo kwenda Helsinki, au wakavuka bahari kwenda kwenye viwanda vya Uswidi, kikiwamo kile cha Volvo cha Göteborg, ambako Kifini kilisikika kila kona.

Wazazi waliobaki vijijini walielewa kwamba shamba halitakuwa tena urithi wa kutosha, na kwamba urithi uliobaki wa kumpa mtoto ni shule. Walichanga, wakaanzisha oppikoulu za binafsi hata katika miji midogo iliyokuwa haina barabara ya maana. Hapo ndipo sauti inapoingia. Wakulima wa Ufini walikuwa na chama chao wenyewe, kikubwa na chenye mazoea ya kuwamo serikalini, na wafanyakazi walikuwa na vyama vya mrengo wa kushoto vilivyopata wingi wa viti katika uchaguzi wa 1966. Pande hizi mbili zilitofautiana katika mengi, lakini zote zilikuwa na wapiga kura ambao watoto wao walikuwa wakiachwa nje. Sheria ya shule moja kwa wote, peruskoulu, ikapita 1968.

Utekelezaji wake nao unafaa kutazamwa, kwa kuwa ulikwenda kinyume na mazoea. Mageuzi mengi huanzia mji mkuu, kisha mabaki yake hufika mikoani. Peruskoulu ilianzia Lapland, kaskazini kabisa, mwaka 1972, ikashuka mkoa kwa mkoa, na Helsinki na vitongoji vyake vikafikiwa mwisho, 1977. Kaskazini ndiko kulikokuwa na uhitaji mkubwa na wapinzani wachache. Kusini ndiko walikokuwa walimu wa oppikoulu na wazazi wenye nafasi zao tayari. Nao hawakushindwa moja kwa moja: kwa miaka mingi watoto waliendelea kutenganishwa kwa uwezo katika Hisabati na lugha za kigeni ndani ya shule ileile, mpaka utaratibu huo ulipofutwa mwaka 1985. Wakati huohuo mafunzo ya ualimu yalihamishiwa vyuo vikuu, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 mwalimu wa shule ya msingi anatakiwa kuwa na shahada ya uzamili. Sifa ambazo Ufini ilimwagiwa baada ya matokeo ya mwaka 2000 ya PISA, mtihani wa kimataifa unaolinganisha wanafunzi wa miaka 15, zilikuwa matunda ya mti uliopandwa karibu miaka 30 kabla, na waliokuja kuukagua mti huo kwa wiki moja mara nyingi walihesabu majani wakasahau mizizi.

Sasa twende kwako. Mwaka 1947 mataifa yaliyoishinda Ujerumani yaliagiza, kupitia baraza lao la pamoja, kwamba shule zijengwe kwa mfumo mmoja unaoendelea badala ya njia zinazotengana mapema. Upande wa Wasovieti ulikuwa umeanza kutekeleza hilo tayari. Upande wa magharibi, elimu ilibaki mikononi mwa majimbo, na Bavaria ilipinga kwa nguvu. Waziri wake wa elimu, Alois Hundhammer wa CSU, chama cha kihafidhina cha Bavaria, alisimamia shule za madhehebu na Gymnasium ya Kilatini bila kuyumba, hadi Wamarekani waliolishika jimbo hilo walipochoka. Baada ya hapo vita baridi vikaiwekea hoja hiyo kufuli: shule moja kwa wote ilikuwa sasa ni shule ya upande wa pili wa mpaka, na hakuna mwanasiasa wa magharibi aliyetaka kufananishwa na huko.

Hata hivyo siasa peke yake isingeuhifadhi mfumo huo kwa miongo mingi. Uliouhifadhi ni uchumi, na hapa ndipo lile jambo langu la pili linapojitokeza wazi kabisa. Mfikirie kijana wa Augsburg mwaka 1960. Amemaliza shule ya wananchi akiwa na miaka 14 au 15, na amesaini mkataba wa uanagenzi katika kiwanda cha mashine. Siku tatu au nne za wiki yuko karakana chini ya fundi mkuu, siku moja au mbili yuko shule ya ufundi. Analipwa posho, na baada ya miaka mitatu hivi atatahiniwa na chemba ya biashara ya eneo lake, kisha cheti chake kitatambuliwa na mwajiri yeyote nchini. Utaratibu huo, uliotokana na vyama vya mafundi vya zamani, uliwekwa katika sheria moja ya taifa mwaka 1969. Baba wa kijana huyo angeandamana kudai nini? Mwanawe hakuingia Gymnasium, lakini hakupotea: atakuwa na mshahara, nyumba, na neno la kusema mbele ya watu. Mchujo wa mapema ulivumilika kwa sababu njia iliyoitwa ya chini haikuishia porini.

Ndiyo maana mwaka 1964, mwanafalsafa Georg Picht alipoandika makala zake kuhusu kile alichokiita janga la elimu la Ujerumani, jibu lililopatikana lilikuwa la kupanua Gymnasium na kuzijenga hata maeneo ya vijijini, bila kuugusa mchujo wenyewe. Watafiti wa wakati ule walikuwa na picha moja ya mtoto aliyebeba mikosi yote kwa pamoja: binti Mkatoliki wa mfanyakazi kutoka shamba. Binti huyo alifika; leo wasichana huingia Gymnasium kwa wingi kuliko wavulana. Nafasi yake katika vitabu vya watafiti ikachukuliwa na mvulana wa mjini mwenye wazazi wahamiaji.

Huyo alikuja kwa mlango wa mkataba. Ujerumani ilitiliana saini na Italia mwaka 1955 na Uturuki mwaka 1961 ili kupata wafanyakazi, kisha ikasimamisha kuwaajiri mwaka 1973, na matokeo yake yakawa kinyume na matarajio: waliokuwapo, wakihofia kwamba wakiondoka hawatarudi, waliamua kubaki na kuita familia zao. Shule zilikuwa zimejiandaa kwa watu watakaoondoka. Bavaria hata iliwafungulia baadhi ya watoto hao madarasa ya lugha ya mama ili warejee makwao bila kusumbuka, na kwao hawakurejea. Wakati huohuo kazi za viwandani zisizohitaji elimu kubwa zilikuwa zikipungua, na waajiri walioanza kuwa na waombaji wengi walichagua wenye vyeti vya juu hata kwa uanagenzi uleule wa zamani. Hauptschule, ile njia ya chini iliyorithi shule ya wananchi na iliyokuwa shule ya watoto walio wengi, ikageuka shule ya waliobaki. Mwaka 2006 walimu wa shule ya Rütli, katika mtaa wa Neukölln mjini Berlin, waliiandikia serikali ya mji barua wakisema hawawezi kuendelea na kwamba aina hiyo ya shule haina mustakabali. Miaka michache baadaye Berlin iliifuta Hauptschule kabisa. Ile njia iliyokuwa haiishii porini ilikuwa imeanza kuota majani.

Mtu angetarajia kwamba hapo Ujerumani nzima ingegeuka. Matokeo ya kwanza ya PISA, yaliyotangazwa Desemba 2001, yaliwashtua kweli: wanafunzi wao walikuwa chini ya wastani wa nchi za OECD, yaani umoja wa nchi zilizoendelea kiuchumi, na hali ya nyumbani ya mtoto iliamua alama zake kwa nguvu kuliko karibu kila nchi iliyopimwa. Fedha zilitoka. Kuanzia 2003 serikali ya shirikisho ilitenga euro bilioni 4 kwa ajili ya shule za kutwa nzima. Viwango vya pamoja vya masomo vikaandikwa. Na tangu Agosti 2013 kila mtoto aliyetimiza mwaka mmoja ana haki kisheria ya nafasi ya malezi. Karibu kila kitu kiliguswa, ila umri wa mchujo katika majimbo mengi ulibaki palepale.

Hamburg ilijaribu kuugusa. Serikali ya mji huo, ya muungano wa chama cha kihafidhina na cha Kijani, iliamua watoto wakae pamoja shule ya msingi kwa miaka sita badala ya minne, na bunge zima la mji likaunga mkono. Wazazi waliopinga wakakusanya saini, kura ya wananchi ikapigwa Julai 2010, na mpango ukaanguka. Waliojitokeza kwa wingi walikuwa wakazi wa mitaa ya wenye uwezo, na wazazi wasio na uraia hawakuwa na kura, ingawa watoto wao ndio waliotajwa katika kila hotuba. Nakuomba ukumbuke kisa hiki mtu atakapokuambia kwamba mfumo wa elimu hubadilika mahitaji yanapobadilika. Mahitaji hayapigi kura.

Kulikofanikiwa kuunganisha shule, mara nyingi aliyefanya kazi hiyo hakuwa mwanaharakati bali mkunga aliyekosa kazi. Baada ya 1990 idadi ya watoto wanaozaliwa mashariki mwa Ujerumani ilianguka kwa zaidi ya nusu katika miaka michache, na mji mdogo uliobaki na watoto wa kujaza jengo moja haukuweza kuendesha shule za aina tatu. Majimbo mengi ya mashariki yakabaki na Gymnasium na shule nyingine moja ya pamoja, na baadaye magharibi nako kulifuata, mara nyingi kwa hesabu hiyohiyo ya madawati matupu.

Usije ukadhani lile jambo la pili, la waliobaki kuwa na pa kwenda, ni habari ya Kijerumani pekee. Hispania inalionyesha kwa upande wake mbaya. Katika miaka ya mwanzo ya karne hii nchi hiyo ilikuwa ikijenga nyumba kana kwamba Ulaya nzima itahamia pwani zake, na mvulana wa miaka 16 angeweza kuacha shule Ijumaa na Jumatatu akawa juu ya jukwaa la ujenzi akilipwa kumzidi mwalimu wake kijana. Takriban watu 3 kati ya 10 wenye umri wa miaka 18 hadi 24 walikuwa wameacha masomo bila kumaliza sekondari ya juu. Soko la nyumba lilipoporomoka 2008 mageti ya ujenzi yakafungwa, na kiwango hicho kikaanza kushuka mwaka hadi mwaka hadi kufikia chini ya nusu ya kilivyokuwa. Walimu walikuwa walewale, na majengo yaleyale. Kilichobadilika zaidi ni kwamba nje ya geti la shule hapakuwa tena na mtu anayekuita.

Ayalandi ni kisa cha upande wa pili, kwa kuwa huko mahali pa kwenda palikuwa ni meli. Katika miaka ya 1950 watu wapatao 400,000 waliondoka katika nchi yenye watu wasiofika milioni 3, wengi wao kwenda kufanya vibarua Uingereza. Kuanzia 1958 serikali iliacha kujifungia kiuchumi na kuanza kualika makampuni ya kigeni, na ndipo wachumi walipoona kwamba mgeni akija na kiwanda atawakuta vijana ambao takriban theluthi yao hawajavuka shule ya msingi. Septemba 1966 waziri wa elimu, Donogh O'Malley, alitangaza mbele ya waandishi wa habari kwamba sekondari itakuwa bure, tena bila idhini ya wizara ya fedha, akijua kwamba wazazi wakishasikia neno hilo hakuna waziri mwenzake atakayethubutu kulirudisha. Mwaka uliofuata ada zikaondolewa katika shule nyingi, na mabasi ya shule yakaanza kupita kwenye barabara za mashambani, jambo ambalo mimi nalipa uzito sawa na kufutwa kwa ada, kwa sababu sekondari ya bure iliyo kilomita 15 kutoka nyumbani si bure.

Kuna jambo moja linaloipindua kabisa ile kauli uliyoisoma, na linatuhusu. Mara nyingine shule hutangulia na uchumi ukafuata. Denmark ilianza kufungua vyuo vya watu wazima vijijini mwaka 1844, kwa mawazo ya mchungaji N. F. S. Grundtvig, na havikufundisha kilimo sana. Vilifundisha historia, nyimbo, na namna ya kukaa pamoja mkajadiliana. Nafaka ya bei rahisi kutoka Marekani na Urusi ilipoangusha bei katika miaka ya 1870, wakulima wale walikuwa tayari na mazoea ya kukutana, na kuanzia 1882 wakaanzisha viwanda vya ushirika vya maziwa vilivyoigeuza nchi kutoka kuuza ngano hadi kuuza siagi na nyama ya nguruwe. Waswidi waliuchukua mfano huo, na Mwalimu Nyerere aliuona kwa Waswidi. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanza Tanzania mwaka 1975 kwa msaada wa Uswidi, ni wajukuu wa vile vya Denmark.

Basi je, mfumo wa Bavaria utabadilika? Nionavyo, tayari unabadilika, lakini kwa mlango wa uani. Mlango wa mbele, yaani cheti cha darasa la nne, utakaa kwa muda mrefu, kwa kuwa wanaofaidika nao wana kura na wana muda wa kuhudhuria mikutano. Nyuma yake zimefunguliwa njia ambazo kijana wa Augsburg wa 1960 hakuwa nazo: kutoka Mittelschule mtoto anaweza kuingia madarasa ya mkondo wa M, akapata cheti sawa na cha Realschule, akaenda Fachoberschule, sekondari ya juu ya mkondo wa ufundi, na kutoka hapo akaingia chuo kikuu, na tangu makubaliano ya mawaziri ya mwaka 2009, fundi mwenye cheti cha Meister, yaani fundi mkuu, anaweza kujiunga na chuo kikuu bila kupita Gymnasium. Na kule Tampere usidhani hakuna kichujio. Wapwa zako wakifika miaka 15 au 16 nafasi za lukio, sekondari ya juu inayoelekea chuo kikuu, zitagawiwa kwa wastani wa alama, na mapema zaidi, katika miji mikubwa, wazazi waliosoma hupenda kuwaombea watoto madarasa ya mkazo wa muziki au lugha, ambayo huingiwa kwa mtihani mdogo. Shule ni moja, lakini korido zimeanza kutofautiana.

Kuhusu mwanao, wastani wake ukizidi kidogo kiwango cha shule unayoitaka, usikubali jambo hilo limalizwe kwa tarakimu. Omba kikao na mwalimu mshauri wa shule mara tu cheti kitakapotoka, na umwandikishe kwa zile siku tatu za majaribio, ambazo hupima Kijerumani na Hisabati peke yake. Akipata 3 katika somo moja na 4 katika jingine, amefaulu. Akipata 4 katika yote mawili, sheria ya Bavaria inamwachia mzazi aamue.